Kiti cha Bibi: namna ya kumkalisha, kumlisha na kuishi na mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mimi ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, mwaka wa 17 huu. Nimetengeneza vitanda vya maharusi, makochi, kabati za vyombo, na majeneza mawili matatu pale ilipobidi. Kwa hiyo siku tulipoambiwa kliniki kwamba binti yetu anahitaji kiti maalumu, nilijisemea moyoni: hapo mmefika kwa mwenyewe. Nikachagua mninga mzuri, nikapiga randa, nikapiga msasa, vanishi mikono mitatu. Egemeo nikalichonga maua. Kliniki iliyofuata nikapanda bajaji na mke wangu, mtoto, na kiti chetu.

Dada wa mazoezi ya viungo akamkalisha. Haikupita dakika, mtoto akaanza kuteleza. Makalio yamekwenda mbele, mgongo umejikunja kama ndizi, miguu imepishana kama mkasi, kichwa kimeanguka nyuma. Dada yule hakucheka. Akaniuliza, "Baba, hiki kiti umempimia nani?"

Nikamjibu, mtoto.

"Mtoto huyu hajakaa humu. Amewekwa tu."

Kiti kile cha mninga tunacho bado, anakikalia mama mkwe akija kututembelea kutoka Utete. Cha pili nilikitengeneza kwa plaiwudi na vipande vya godoro kuukuu, hakina ua hata moja, na ndicho kilichoigeuza nyumba yetu. Nilidhani natengeneza kiti tu. Kumbe chakula, dawa, kifua, usingizi wetu na hata mazungumzo na mtoto vyote vilikuwa vinasubiri akae sawasawa.

Unamkalisha nani

Binti yangu ana miaka 6. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani tunamwita Bibi, na asubuhi mimi baba yake ndiye ninayempa shikamoo. Hapo anacheka mwili mzima. Alizaliwa amechoka, kama wanavyosema wakunga. Hakulia. Akakaa siku 11 kwenye mashine, na tulipotoka tulipewa kadi na kuambiwa "mtamleta kliniki", basi. Alipofika miezi 8 bila kushika shingo ndipo tukasikia kwa mara ya kwanza neno mtindio wa ubongo.

Ni jeraha kwenye ubongo ambao bado unakua. Linaweza kutokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au baada ya hapo: kukosa hewa, kuzaliwa njiti, manjano makali yaliyochelewa kutibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoharibika siku zinavyokwenda ni mwili usiposaidiwa: misuli inafupika, nyonga inachomoka, mgongo unapinda. Hapo ndipo seremala anapoingia.

Wako watoto wanaokakamaa, wako wanaolegea kama kitambaa kilicholowa, wako ambao mikono haitulii. Bibi anakakamaa miguu na kulegea kiwiliwili. Kwa sababu hiyo, kabla hujakata ubao wowote, mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa Dar es Salaam wengi tunaanzia CCBRT pale Msasani, na hospitali za rufaa za mikoa nazo uliza kitengo hicho. Swali la kumuuliza ni moja: nyonga zake zinakunjika mpaka pembe mraba bila maumivu? Kama hazikunjiki, usizilazimishe. Kiti kitafuata nyonga, nyonga haitafuata kiti.

Kupima

Mlaze chali kwenye mkeka. Mtu wa pili amkunje taratibu nyonga na magoti kama mtu aliyekaa, wewe shika futi. Usimpime amebebwa. Usimpime akilia pia, kwa sababu akilia anakakamaa, na utapata vipimo vya mtoto mwingine. Sisi Keko tunazungumza inchi, ila kazi hii ifanye kwa sentimita. Nusu inchi kwenye kabati hakuna anayeiona, kwenye paja la mtoto ni jambo kubwa.

Kipimo cha kwanza, na ndicho nilichokikosea, ni kutoka nyuma ya makalio mpaka kwenye kikunjo cha goti. Toa sentimita 2. Huo ndio urefu wa ubao wa kukalia kutoka nyuma kwenda mbele. Bibi alipokuwa na miaka 3 alipima 22, nikakata 20. Mninga wangu ulikuwa na 35! Ubao ukiwa mrefu goti halifiki ukingoni, na mwili unatafuta pa kukunjia goti kwa kuteleza mbele. Nilikuwa namlaumu mtoto kuwa hatulii, kumbe nimemkalisha kitandani nikakiita kiti. Pima miguu yote miwili. Ikitofautiana, mwambie daktari, huenda nyonga moja imechomoka.

Kisha pima upana wa nyonga, ongeza sentimita moja kila upande. Nguo za baridi utajiongezea mwenyewe wewe wa Njombe. Pima kutoka kikunjo cha goti mpaka chini ya kisigino akiwa na viatu: hapo ndipo kibao cha kukanyagia kitakapokaa. Pima kutoka kwenye kalio mpaka kiwiko, kiwe kimo cha meza. Mwisho ni egemeo: kama anashika shingo, lifike mabegani, kama hashiki, lipite utosi.

Kukata na kuunga

Plaiwudi ya milimita 18 kwa ubao wa kukalia na egemeo, ya 12 kwa mbavuni. Mninga uache kwa makochi, ni mzito, na kiti hiki utakitoa barazani na kukirudisha ndani mara nne kwa siku. Asiye na uwezo wa plaiwudi asikate tamaa. Wako wanaotengeneza viti kwa maboksi na magazeti, tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa ngano, ufundi ulioanzia Zimbabwe. Mimi mtu wa mbao nilikuwa nadharau, mpaka nilipokishika kimoja na kukigonga kwa kiganja kikalia kama mlango. Shida yake ni moja, hakitaki maji.

Unga egemeo na ubao wa kukalia kwa pembe mraba kamili, kama herufi L, kabla hujavifunga kwenye miguu ya kiti. Halafu hiyo L nzima iweze kulala nyuma kidogo bila pembe ya nyonga kubadilika. Cha Bibi nimekitoboa matundu mawili ubavuni na kuweka pini ya chuma: tundu la kwanza amekaa wima, la kula; la pili amelala nyuma kidogo, la kupumzika. Makosa ninayoyaona kwa mafundi wenzangu ni kulaza egemeo peke yake kama kiti cha ufukweni. Nyonga zikifunguka hivyo, mtoto anayekakamaa anapiga upinde na kuchomoka chini.

Mbele ya ubao wa kukalia inua kidogo kwa sponji, kama sentimita 2, ili mapaja yapande na makalio yarudi nyuma. Mkanda usipite tumboni. Upite kwenye kikunjo cha nyonga, pale paja linapoanza, na uvute kwenda chini na nyuma kwa pembe ya nyuzi 45. Mkanda wa tumboni unapanda mpaka kifuani mtoto akiteleza, na huko utamnyima pumzi. Tumia klipu ya begi la shule, inafunguka kwa mkono mmoja. Utaihitaji siku ya kifafa.

Kwa miguu inayopishana, weka kizuizi kati ya magoti. Nasema magoti, sio kinenani. Kazi yake ni kuyatenganisha mapaja, na kumzuia asiteleze ni kazi ya mkanda. Mimi nilichonga kipande cha mbao laini, nikakivika sponji na ngozi bandia. Mbavuni weka visaidizi viwili chini ya makwapa, viache nafasi ya kidole. Miguu lazima ikanyage. Mtoto ambaye miguu inaning'inia hajakaa, hata kama kiti kimetoka Ulaya.

Meza iwe na ukingo wa sentimita 2 pande zote, kikombe kisiruke. Ikate nusu duara aingie tumbo, na viwiko vikae juu yake. Siku nilipofunga meza hiyo Bibi aliinua kichwa mwenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza mikono yake ilikuwa na mahali pa kujiegemeza. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

Sponji tumia ya godoro gumu, laini inakufa ndani ya mwezi. Ivike ngozi bandia inayofutika, na juu yake tandika kipande cha kanga kwa ajili ya jasho.

Siku za mwanzo mkalishe dakika 10 mpaka 15, halafu mtoe, mvue, angalia makalio, mgongo, nyuma ya magoti. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute wekundu, tafuta pahala palipokoza rangi au pana joto. Alama ikikaa zaidi ya nusu saa, hapo pana kosa, rudi kwenye patasi. Ongeza muda polepole. Hata leo Bibi hakai zaidi ya saa moja mfululizo, na hakai peke yake.

Kula

Kabla ya kiti tulikuwa tunamlisha amelala mapajani, kichwa nyuma, kama tulivyoona watoto wote wakinyweshwa uji. Jaribu wewe sasa hivi: tazama dari, halafu meza mate. Umeona? Mwaka ule alilazwa kwa nimonia mara 4. Hatukujua kwamba chakula ndicho kilichokuwa kinashuka kwenye mapafu. Tulikuwa tunafunga madirisha na kumpaka dawa ya kifua.

Kwa hiyo kwanza kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Mimi nina kigoda changu. Ukisimama ukamlisha kutoka juu, atainua uso kukutazama na shingo itafunguka. Kidevu kiwe kimeinama kidogo kuelekea kifuani.

Kijiko kiwe kidogo, cha plastiki nene isiyovunjika, kwa sababu Bibi hung'ata, na chuma kinaumiza meno. Weka chakula kidogo ncha ya kijiko, kiingize moja kwa moja, bonyeza katikati ya ulimi kidogo, usubiri. Usubiri kweli. Midomo ikifunga, toa kijiko bila kukikwaruza kwenye meno ya juu. Usimpe cha pili mpaka umeona koo limepanda na kushuka. Mara ya kwanza nilisubiri nikahesabu mpaka 9. Tulizoea kumjaza kijiko juu ya kijiko kwa huruma, tukidhani tunamshibisha.

Kilichotushangaza ni kwamba kigumu si adui mkubwa kama maji. Maji na chai vinakimbia kabla koo halijajiandaa. Uji mzito unaoshuka kijikoni polepole kama asali ni salama kuliko maji matupu. Cha hatari zaidi ni mchanganyiko, supu yenye vipande au wali kwenye mchuzi mwepesi: mchuzi unatangulia, punje zinabaki. Sisi tunaponda: boga, viazi vitamu, ndizi za kupika, maharage yaliyochujwa maganda, yai, dagaa waliosagwa wakawa unga. Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kibebe nguvu. Tia karanga za kusaga, tui zito, parachichi, au kijiko cha mafuta. Karanga zenye ukungu zitupe, usizioshe.

Kikombe chake nimekikata. Chukua kikombe laini cha plastiki, kata ukingo wa upande mmoja kwa umbo la nusu mwezi, sugua kwa msasa mpaka pawe laini. Pua inaingia kwenye pengo lile, na mtoto anakunywa bila kuinua kichwa. Kazi ya dakika 5, na nimewakatia watoto wengi kuliko viti nilivyowahi kutengeneza.

Akikohoa, macho yakitoa machozi, au sauti ikawa ya majimaji kama anaongea ndani ya kikombe, simama. Amepaliwa, au yuko karibu kupaliwa. Wako watoto wanaopaliwa kimya, bila kikohozi, na dalili yao ni kifua kisichopona. Mlo usizidi nusu saa, baada ya hapo anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Heri mara 5 kidogokidogo. Akimaliza, abaki wima nusu saa nyingine, la sivyo atacheua. Mpime uzito kila mwezi. Bibi ana kilo 13 na nusu. Kwa umri wake ni kidogo, lakini miaka miwili iliyopita alikuwa na 9.

Choo kigumu nacho ni ugonjwa wa watoto wetu, kwa kutotembea na kutokunywa vya kutosha. Papai bivu kila siku, na kumsugua tumbo kwa kufuata mshale wa saa kabla ya kuoga. Siku ya tatu bila choo tunakwenda zahanati.

Kifafa, ambacho mtaani wanakiita degedege

Bibi alianza kifafa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mtaani kwetu Mtoni lile ni jambo la shetani, na ushauri ulikuja kabla ya maji ya kunywa: tumfukize kinyesi cha tembo, tumwekee kijiko mdomoni, na kubwa kuliko yote, asichomwe sindano maana atakufa. Simcheki mtu. Mimi mwenyewe nilikwenda kutafuta kinyesi hicho, nikalipa, na moshi ule ukamwongezea kifua.

Sasa tunafanya hivi. Fungua klipu. Mlaze ubavu chini, kichwa juu ya kitu laini, mate yatoke. Ondoa vilivyo karibu. Usimshike kwa nguvu, usimpe maji, usitie kitu chochote mdomoni. Tazama saa. Kinachozidi dakika 5, au kinachorudi kabla hajazinduka, ni cha hospitali, na bajaji ya jirani ninayo namba yake ukutani kwa chaki. Nimeiandika kubwa kwa sababu siku ile macho hayaoni.

Kuhusu dawa, nina mambo mawili niliyojifunza kwa maumivu. La kwanza, dawa usiichanganye kwenye bakuli zima la uji. Asipomaliza uji, hakumaliza dawa. Saga kidonge kama uliambiwa kinaweza kusagwa, changanya na kijiko kimoja, kiwe kijiko cha kwanza. La pili, usiache dawa ghafla kwa kuwa amekaa miezi miwili bila kuanguka. Tuliacha. Usiku wa nne tulikuwa wodini. Siku hizi vidonge vikibaki vya wiki moja ndipo tunanunua vingine, hata kama ni kwa kukopa, na kila kifafa tunakiandika kwenye kalenda: saa ngapi, dakika ngapi, alikuwa na homa au hakuwa nayo. Daktari akiiona kalenda hiyo anakaa vizuri kwenye kiti chake.

Kumbeba na kumlaza

Mgongo wa mke wangu uliharibika kabla hatujajua kubeba. Mtoto anayekakamaa usimnyanyue kwa makwapa akiwa amenyooka, utanyanyua gogo. Mgeuze ubavu kwanza, kunja nyonga na magoti, hapo kukakamaa kunapungua, ndipo umlete kifuani na kusimama kwa nguvu za magoti yako. Kumbeba mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imepanuka kiunoni mwako, ni zoezi zuri la mapaja yake. Bibi zetu hawakusomea fiziotherapia, lakini hapa walipatia.

Usimwache katika mlalo mmoja mchana kutwa. Kila baada ya saa mbili tunambadilisha: kiti, ubavu na mto kati ya magoti, kifudifudi juu ya mto uliokunjwa chini ya kifua akiwa macho. Usiku ni ubavu. Kunyoosha misuli tunafanya baada ya maji ya uvuguvugu, polepole, tunashikilia mpaka inalegea yenyewe. Ukivuta kwa pupa misuli inakuvuta nayo.

Watu

Hapa nianze na mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafunga karakana saa tatu usiku wakati kazi imeisha saa kumi na moja jioni. Nilikuwa napanga misumari. Baba wengi huondoka kabisa, mimi niliondoka bila kuhama. Aliyenirudisha si mchungaji wala shehe, ni zamu. Mke wangu aliandika kwenye karatasi: asubuhi mimi, jioni wewe, akaibandika kwenye friji. Kulisha jioni na kunyoosha miguu ni yangu, hata Simba wacheze na Yanga. Kama unataka baba abaki, usimwombe upendo tu, mpe kazi yenye saa.

Majirani walimwambia mke wangu kwamba mtoto amebemendwa. Kwa asiyekulia huku, maana yake ni kwamba wazazi hawakujizuia, au mmoja alitoka nje ya ndoa, mtoto akiwa bado ananyonya. Neno hilo linakaa tumboni mwa mama miaka. Tulizoea kujitetea kwa maelezo marefu. Sasa tunajibu kwa sentensi moja: "Alizaliwa amechoka." Kila mwanamke aliyewahi kuingia leba anaielewa, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya mkaa.

Kaka yake yuko darasa la 5. Tulikaribia kumfanya yaya bila kujua. Siku moja mwalimu aliniambia kijana anasinzia darasani. Tukaweka kanuni: usiku hashiki mtoto, na saa kumi mpaka kumi na mbili ni ya mpira wake. Na ni yeye, si sisi wala daktari, aliyegundua kwamba Bibi anajibu. Alikuwa anamshikia embe mkono wa kulia na ndizi mkono wa kushoto, usawa wa macho, halafu anangoja. Bibi anatazama anachotaka. Nasi tunafanya hivyo sasa kwa nguo, kwa mtu wa kumwogesha, kwa redio au kimya. Siri ni kungoja. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kusema hajui. Kutazama juu ni ndiyo. Kufumba macho ni hapana, na siku za dagaa anafumba sana.

Ofisini

Hili nalipitia haraka maana linachosha hata kulisimulia. Sera ya serikali inamsamehe mtoto chini ya miaka mitano gharama kwenye vituo vya umma. Akivuka hapo, mlango wako ni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, nenda na barua ya serikali ya mtaa, na nenda mapema asubuhi. Beba nakala tatu za kila kitu, maana faili la kwanza litapotea. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mke wangu na akina mama wenzake wa kliniki wana kikundi chao, wanauza unga. Kwa shule, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya elimu, na zipo shule za msingi za kawaida zenye vitengo maalumu, kama Uhuru Mchanganyiko pale Dar es Salaam. Anza kuuliza mwaka mmoja kabla, na umpeleke mtoto mwenyewe waone, usipeleke karatasi peke yake. Tulimwambia mwalimu mkuu wa shule moja kuwa mtoto haongei, akakataa. Tulimpeleka, akatazamwa na Bibi dakika nzima, akasema turudi Januari.

Kukipanua

Kiti cha mtoto hakigundishwi moja kwa moja. Kibao cha kukanyagia, visaidizi vya mbavuni, kizuizi cha magoti na meza vifunge kwa skrubu tu. Ubao wa kukalia mimi huukata mrefu kwa sentimita 5, na zile zinazozidi nazipitisha nyuma ya egemeo. Egemeo linasogezwa nyuma kadiri paja linavyorefuka, kwa hiyo muungano wake na ubao wa kukalia ufunge kwa boliti. Pima upya kila baada ya miezi 6, na baada ya kulazwa hospitali, kwa sababu mtoto anayetoka wodini si yule uliyempima. Tumbo linapungua na mkanda unalegea.

Kwa Bibi huwa naanzia miguuni. Namvalisha viatu, namkalisha, nafunga klipu, halafu nainama usawa wa sakafu kama ninavyokagua mguu wa meza. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kibao kimeshampanda, nakishusha. Visigino vikielea, nakipandisha. Ni skrubu nne, na bisibisi yake inaning'inia nyuma ya egemeo kwa uzi, ili mama yake asinisubiri mimi nitoke Keko.